Kitereza Aliandika kwa Lugha Gani?

Mwulize mwanafunzi yeyote wa fasihi hapa Mlimani: riwaya ya Aniceti Kitereza ni ya lugha gani? Atajibu chapuchapu, Kiswahili. Kajibu nusu. Kitereza alimaliza kuandika habari za Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka mwaka 1945, tena kwa Kikerewe. Kwa lugha hiyo hakupata mchapishaji. Akaifasiri mwenyewe, ikatoka kwa Kiswahili mwaka 1980. Mwaka uliofuata akafariki.

Sasa sisi wahakiki tunafanya nini? Tunataja utasa, ndoa na mila, basi, maudhui yamekwisha. Upande wa fani tunalalamika kwamba maelezo ya maamkizi, kilimo na pombe ya ndizi yanachosha. Jamani, hayo ndiyo uti wa mgongo wa kazi yenyewe! Mwandishi alikusudia kuhifadhi maisha ya Wakerewe, si kumkimbiza msomaji.

Wala hili si la Ukerewe peke yake. Mwali akitolewa kule Mbagala, Temeke, utasikia nyimbo za Kizaramo; kibarazani jirani, wazee wanaamkiana kwa Kimakonde. Nchi ina lugha zaidi ya 120, lakini katika insha zetu yote hayo huitwa "fasihi simulizi ya Kiswahili".

Kiswahili kimetuunganisha, hakuna ubishi. Ila mhakiki asiyeuliza kazi ilizaliwa katika lugha gani, huhukumu tafsiri akidhani kashika asili. Tuanze na swali hilo.