Pengwini Waliohamishwa Wakiwa Safi

Tarehe 23 Juni 2000, meli ya Treasure ilizama karibu na Cape Town, kati ya kisiwa cha Robben na kile cha Dassen. Ilibeba madini ya chuma, lakini kilicholeta balaa ni mafuta mazito ya injini yake yenyewe, zaidi ya tani elfu moja. Yalitandaa baharini msimu ambao pengwini wa Afrika wanaatamia na kulea visiwani humo. Waliochafuka walikuwa kama 19,000.

Picha zilizosambaa zilikuwa za watu waliovaa aproni, wameinamia mabeseni, mswaki mkononi. Ukiziamini picha hizo utadhani kazi ilikuwa kuosha. Kwangu mimi, kuosha ndiko kulikokuwa kwepesi.

Tuanze na unyoya. Wengi tumekua tukiambiwa kwamba ndege halowi kwa sababu hujipaka mafuta yake. Kujipaka anajipaka, ila kinachomkinga hasa ni mpangilio. Kuti moja halizuii mvua. Yakilaliana vizuri, paa halivuji. Vijitawi vya unyoya navyo vimeshikana kwa vikulabu visivyoonekana kwa macho. Mafuta ya meli yakiingia, vinagandana mafungu mafungu na baridi ya bahari inafika kwenye ngozi. Pengwini anapanda nchi kavu akitetemeka, njaa inamuuma, na kila akijidonoa ili ajisafishe anameza sumu.

Ndege wa hali hiyo ukimwosha siku hiyohiyo, umemmaliza. Kwanza anapewa maji na dawa kwa mpira hadi tumboni, kisha samaki, siku kadhaa, mpaka apate nguvu. Hapo ndipo penye jasho. Pengwini huwinda samaki anayekimbia. Sardini aliyekufa hamtambui kuwa ni chakula. Basi unakaa chini, unambana kwa magoti, unamfungua mdomo unaokata kama mkasi, unamsukumia samaki akitangulia kichwa ili mapezi yasimkwaruze koo. Ukimaliza, yupo mwingine. SANCCOB, shirika linalookoa ndege wa bahari huko tangu 1968, lilizidiwa kituoni mwake; ghala moja la reli kule Salt River, Cape Town, likajazwa mabwawa ya muda, na watu zaidi ya 12,000 wakajitolea.

Kuosha kwenyewe ni dawa ya kulainisha mafuta, maji ya vuguvugu, sabuni, na mswaki kwa sehemu za kichwani. Kusuuza ndiko kunakotaka subira, maana sabuni ikibaki nayo inaharibu unyoya kama mafuta yalivyouharibu. Maji yanapigwa kwa kasi mpaka matone yabingirike kama juu ya jani la gimbi. Halafu anarudishwa bwawani, siku baada ya siku. Akitoka kifua kimelowa, bado.

Lakini hesabu iliyonivutia zaidi ni ya wale ambao hawakuguswa na tone la mafuta: kama 19,500. Kuwaacha visiwani ni kungoja wachafuke. Kuwafungia ni kuwatafutia mahali na samaki wa kila siku, wakati mikono haitoshi hata kwa wagonjwa. Wakakamatwa, wakapakiwa kwenye malori hadi Port Elizabeth, wakaachiwa baharini Cape Recife, mamia ya kilomita kutoka kwao. Waliopanga walikuwa wanategemea tabia moja ya pengwini: hasahau kiota chake. Atarudi kwa kuogelea, na siku atakazokuwa njiani ndizo siku za kusafisha bahari na fukwe. Chakula atajitafutia.

Namna ya kuwasafirisha nayo haikutoka hewani. Mwaka 1994, meli ya Apollo Sea ilipozama huko huko, ndege kama 10,000 walikusanywa na karibu nusu wakafa, wakiwemo waliobanwa bila hewa wakiwa safarini. Kwa hiyo mwaka 2000 pengwini walisafirishwa katika maboksi yenye matundu, na zaidi ya asilimia 90 ya waliochafuka walirudi baharini wakiwa hai.

Watatu kati ya waliohamishwa, Peter, Pamela na Percy, walifungwa vifaa vya kufuatiliwa kwa setilaiti. Peter alifika Robben mwezi Julai. Alipokuwa bado anakata maji, makinda waliobaki visiwani bila wazazi walikuwa wameletwa Cape Town, wanalishwa kwa mkono.