Nukta Zisizo na Ndugu

Septemba 2000 wataalamu watatu, Dirk Helbing, Illés Farkas na Tamás Vicsek, walichapisha katika jarida la Nature makala juu ya watu wanaokimbia hatari ndani ya jengo. Waliitumia kompyuta kuigiza umati: watu 200, chumba cha mita 15 kila upande, mlango mmoja wa upana wa mita moja. Kila mtu ni nukta yenye uzito wa kilo 80. Mimi si mwanafizikia. Nimeisoma kama mtu aliyewahi kutoka kwa taabu ndani ya chumba cha namna hiyo.

Niwape haki yao kwanza. Wameonyesha kwamba watu wanapotaka kukimbia zaidi ndipo wanapochelewa zaidi, kwani mabega hukwamana mlangoni. (Wazee wetu walitwambia haraka haraka haina baraka, nao hawakuwa na kompyuta.) Tena katika igizo lao, nguzo iliyosimamishwa mbele ya mlango, kando kidogo, hupunguza msukumo. Fundi wa kwetu angecheka, lakini hoja ina nguvu.

Ila nukta hizo hazina mama wala mdogo. Katikati ya miaka ya 1990 nilikuwa Nyarugusu, Geita, penye dhahabu. Jioni tulikwenda kwenye banda la video la mabati. Madirisha yalipigiliwa mbao ili wasiolipa wasichungulie, na picha ikianza mwenye banda alifunga mlango kwa kufuli, kwa nje. Usiku mmoja jenereta ilishika moto. Msomaji, ule haukuwa ukelele mtupu: nilisikia majina. Watu walikuwa wakiitana. Vijana waliupiga mateke ukuta hadi bati moja likang'oka. Nami niliyekuwa karibu na tundu lile nikarudi ndani kumtafuta mdogo wangu, nikakutana kifua kwa kifua na waliokuwa wakitoka. Kumbe yeye alikwisha kutoka, yuko nje analia jina langu. Hakufa mtu. Kovu la bati ninalo mkononi.

Katika hesabu za wataalamu wale, mtu anayerudi ndani hayumo. Lakini Jonathan Sime, aliyechunguza moto wa Summerland wa mwaka 1973 katika kisiwa cha Man, aliona watu wakiwafuata jamaa zao kabla ya kufuata mlango. Kwa hiyo neno taharuki, ambalo makala ile inalibeba tangu kichwani, linaniudhi. Linamtia lawamani aliyekanyagwa.

Na mlango wa kompyuta, hata ukiwa mwembamba, uko wazi daima. Machi 2001, huko Kyanguli, Machakos, wavulana 67 waliungua bwenini. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa, na madirisha yalikuwa na nondo. Pale ungeuliza nini juu ya mwendo wa umati? Ningeuliza ufunguo alikuwa nao nani.

Siku hizi nikialikwa harusini hapa Shinyanga, kabla ya kuketi huzunguka kuutazama mlango wa nyuma. Mara ya mwisho niliukuta na kufuli. Nikamwuliza kijana wa ukumbini ufunguo uko wapi.

"Anao bosi, mzee."

"Na bosi yuko wapi?"

"Kahama."