Kuipima Lamborghini Miura: Bati, Alumini na Karatasi

Lamborghini Miura ilionekana kwanza ikiwa chasisi tupu. Novemba 1965, katika maonyesho ya magari ya Torino, kampuni changa ya Ferruccio Lamborghini, mtengenezaji wa matrekta aliyeanzisha kiwanda cha magari mwaka 1963 huko Sant'Agata Bolognese, iliweka jukwaani fremu ya bati la chuma iliyotobolewa matundu kila upande, na injini ya silinda 12 imekaa kimapana nyuma ya viti. Machi 1966, huko Geneva, fremu hiyo ilikuwa imevishwa bodi ya Bertone iliyochorwa na Marcello Gandini, aliyekuwa na umri wa miaka 27. Wahandisi Gian Paolo Dallara na Paolo Stanzani, pamoja na dereva wa majaribio Bob Wallace kutoka New Zealand, nao walikuwa bado vijana. Jina lilitokana na Eduardo Miura, mfugaji wa Kihispania wa mafahali wa mapambano. Uzalishaji ulipokoma mwaka 1973, magari takriban 760 tu yalikuwa yametengenezwa.

Anayetaka kuipima Miura sharti kwanza aweke kando vipimo vya gari la kisasa. Bodi ziliundwa na mafundi wa Bertone huko Grugliasco, kisha zikapelekwa Sant'Agata kufungwa injini na mitambo. Kazi ilikuwa ya mkono, na oda zilisubiriwa kwa pupa. Ndiyo maana hata Miura zilizotoka kipindi kimoja hazikulingana, na mianya kati ya mlango na bodi ilitofautiana upande wa kulia na wa kushoto. Miura ambayo mianya yake imenyooka kama ya gari la kiwanda cha leo imetengenezwa upya, tena na mtu aliyependa unyoofu kuliko Miura yenyewe. Hilo si kosa la kulikataa gari, lakini ni sababu ya kuangalia chini ya rangi.

Chombo cha kwanza cha kazi hiyo ni sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa. Paa na sehemu ya kati ya bodi ni chuma. Milango, pua yote ya mbele na mkia mzima wa nyuma ni alumini. Sumaku ikikataa kunata juu ya paa au kwenye vizingiti vya bodi vilivyo chini ya milango, kuna puti nene iliyoziba kutu au ajali. Ikinata kwenye pua, mtu amepachika bati mahali pa alumini. Pale metali hizo mbili zinapokutana, unyevu huziharibu zote, na rangi huanza kufura malengelenge madogo. Pua na mkia hufunguka vipande vizima, kwa hiyo bawaba zake hubeba uzito mkubwa. Alumini iliyo karibu nazo hukaguliwa kwa taa kutafuta nyufa zilizochomelewa. Kazi nzuri ya alumini hutambulika kwa ndani: alama za nyundo bado zipo, na sauti ya kidole kinachogonga ni nyepesi, haizimi ghafla.

Chasisi ndiyo yenye siri nyingi zaidi. Ilitengenezwa na karakana ya Marchesi ya Modena kwa bati jembamba lililokunjwa, na matundu yake yalikusudiwa kupunguza uzito. Magari ya mwanzo yalipatikana kuwa dhaifu, bati likaongezwa unene baadaye. Matundu hayo, yanayopendeza sana kwenye picha, huingiza maji na matope ndani ya mihimili, na kutu huanzia humo bila kuonekana nje. Mkaguzi mzuri huinua gari, hupitisha kioo kidogo ndani ya matundu, na hulinganisha kingo zake. Tundu la asili lina ukingo mmoja ulio safi. Bati lililofunikwa juu ya jingine huonyesha kingo mbili.

Injini ina ujazo wa sentimita za ujazo 3,929, na asili yake ni mchoro wa Giotto Bizzarrini. Kuilaza kimapana kulichochewa na gari dogo la Mini la Uingereza, na ili nafasi itoshe, giaboksi iliunganishwa na injini katika umbo moja la alumini. Zote mbili zilitumia oili ile ile. Hapo ndipo penye hatari: unga wa chuma unaotoka kwenye meno ya gia huzunguka hadi kwenye beringi za injini. Ni busara kuomba chujio la oili likatwe na kufunguliwa mbele ya mnunuzi, jambo linaloeleza mengi kuliko mngurumo wowote. Gari nyingi za mwisho za SV, aina ya Miura yenye nguvu zaidi, zilitenganishiwa oili, na hizo hutafutwa zaidi.

Kabureta nne za Weber, zenye asili ya mashindano, humwaga petroli gari likiwa limesimama huku injini inanguruma, na Miura kadhaa ziliungua kwa sababu hiyo. Mabomba mapya ya mafuta na njia ya kukusanya matone si ya kiwanda, lakini ni uasi unaostahili kusifiwa. Wanaodai kila mpira uwe wa mwaka 1968 hawajawahi kuendesha gari hilo kwenye foleni.

Aina tatu hutofautishwa kwa nguvu na kwa sura: P400 yenye nguvu farasi 350, S yenye 370, na SV yenye 385. P400 na S zina zile “kope” nyeusi kuzunguka taa za mbele. SV kwa kawaida haina, na mabega yake ya nyuma ni mapana kwa ajili ya matairi makubwa. Kwa kuwa SV ni ghali zaidi, P400 kadhaa zilivuliwa kope na kupanuliwa mabega. Macho yahamie kwenye vyuma vya suspensheni ya nyuma, ambavyo katika SV vilibadilishwa. Bodi hupanuliwa kirahisi kuliko vyuma hivyo kubadilishwa. Ndani ya gari hakuna mengi: swichi zilizopangwa darini ziwepo, na ngozi ya viti haipaswi kuwa mpya kuliko usukani.

Mwisho ni karatasi. Namba za chasisi, injini na bodi hulinganishwa na kumbukumbu za kiwanda, kazi inayofanywa na idara ya Polo Storico ya Lamborghini. Mwaka 2019 idara hiyo ilithibitisha kwamba chasisi namba 3586 ndiyo Miura ya rangi ya chungwa iliyoendeshwa mwanzoni mwa filamu The Italian Job ya 1969. Nyaraka hazikutosha; ushahidi wa mfanyakazi wa zamani wa kiwanda ulisaidia. Alikumbuka kwamba viti vyeupe vya gari hilo viliondolewa kwa ajili ya upigaji picha na kuwekwa vyeusi, ila vihimili vya vichwa, vilivyofungwa kwenye ukuta wa injini, vilibaki vyeupe, na katika filamu vinaonekana hivyo.