Mafuta Yaliyoganda Lushoto

Chupa niliinunua Pangani mwezi wa Julai, mafuta ya nazi yakiwa maangavu kama maji ya mtungini. Nikapanda nayo gari hadi Muheza, nikapita Mombo, kisha ule mlima wa kona nyingi mpaka Lushoto ninakofundisha. Asubuhi ya pili nikaishika ili nijipake baada ya kuoga. Haikutoa kitu. Nikaigeuza kichwa chini, nikaitikisa, nikaigonga kiganjani. Kilichokuwa maji jana kilikuwa nta leo. Nikasema moyoni: nimeuziwa mshumaa.

Hasira hiyo niliilea wiki mbili. Nilipoteremka tena pwani nilikwenda moja kwa moja kwenye meza ya yule mama, karibu na kivuko cha kuelekea Bweni, chupa yangu mfukoni kama mtu anayepeleka kidhibiti mahakamani. Nikaitoa. Kidhibiti kilikuwa kimeyeyuka.

"Shikamoo, Bi Mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umerudi na chupa imejaa? Hukujipaka?"

Nikamweleza. Hakukasirika, alicheka mpaka ukaya ukamtoka kichwani. Kisha akauliza: "Kwani unakaa wapi?" Nikamwambia Lushoto. Akanyamaza kidogo. "Ungeniambia," akasema. Halafu, kwa sauti ya chini kama anayejisemea mwenyewe: "Na mimi mbona sikukuuliza?"

Swali hilo la mwisho ndilo lililonifanya nikae. Nilikuja kumshtaki kwa kosa ambalo hakulifanya, naye akajishtaki kwa kosa ambalo mimi nisingelijua. Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Pwani joto la mchana ni nadra kushuka hivyo. Lushoto ya Julai ni kila usiku. Kuganda huko kulikuwa ushahidi wa upande wa mama: kama angeyachanganya na mafuta mepesi ya kupikia, yangebaki uji. Lakini hilo halikumtosha. Kwake yeye, kuuza mafuta bila kuuliza yanakwenda kupakwa wapi na kwenye ngozi gani ilikuwa kazi iliyoachwa nusu. Akanisogezea kigoda, nikaketi mpaka jioni.

Kazi yake huanzia kwenye nazi. Haanzi na dafu wala koroma. Huchukua nazi iliyokomaa, ile ambayo ukiitikisa sikioni unasikia maji yakicheza. Huikuna kwenye mbuzi, akalikamua tui kwa kifumbu, chicha likaenda kwa kuku. Tui zito hulala usiku kucha kwenye sufuria iliyofunikwa, na kukicha limejigawa lenyewe: maji chini, utando mzito juu. Utando huo huuengua kwa upawa, na hapo njia hugawanyika mara mbili. Mengine huyaacha yajitenge taratibu bila moto, akayachuja kwa kitambaa. Hayo ni meupe, na harufu yake ni ya nazi mbichi. Mengine huyabandika jikoni mpaka shata igeuke rangi ya kahawia na kutulia chini. Hayo yana umanjano na harufu ya nazi iliyokaangwa, ile ambayo mtu wa pwani akiisikia ugenini hukumbuka kwao.

Nilimuuliza anajuaje kuwa yameiva.

"Sikiliza," akasema.

Sufuria ilikuwa ikitoa mlio mwembamba, kama mvua ya mbali juu ya makuti. Tukasubiri. Mlio ukapungua, ukawa wa hapa na pale, ukakoma. "Maji yakiwa bado yamo, mafuta hulalamika. Yakinyamaza, yameiva." Mwalimu wa sayansi angesema jambo lilelile kwa maneno marefu: kinacholia ni maji yanayogeuka mvuke, na yakiisha hakuna cha kulia. Maji yakisalia, mafuta huchacha mapema chupani. Mama hana kipimajoto wala saa. Ana sikio, na sikio lake halijakosea.

Ila kukamua ni nusu ya ufundi. Nusu ya pili niliiona wateja walipoanza kufika.

Wa kwanza alikuwa mvuvi, visigino vimepasuka kwa chumvi na mchanga. Alitaka mafuta hapohapo. "Umeoga?" "Bado, mama, ndiyo natoka baharini." "Kaoge maji ya baridi ya kisima, utoe chumvi. Usijifute ukakauka. Ndipo uje." Mvuvi akaguna, akaenda, akarudi miguu inachuruzika. Nami nikaelewa jambo ambalo watu wengi hulikosea maisha yao yote. Mafuta hayana maji ndani yake. Kinachoilainisha ngozi ni maji. Mafuta ni kifuniko kinachoyazuia yasipotee hewani. Kumpaka mtu ambaye ngozi yake imekwisha kukauka ni kufunika sufuria tupu. Dakika chache baada ya kuoga, ngozi ingali na unyevu, ndiyo saa ya mafuta, na matone machache hufanya kazi ambayo kopo zima halitaifanya saa sita mchana.

Kwa visigino vile alichanganya mafuta ya nazi na ya mbarika. Mbarika, ambao wengine huuita mnyonyo, hutoa mafuta mazito yanayovutika kama asali, kwa sababu karibu sehemu tisa kati ya kumi ni asidi ya aina moja, risinoleiki, isiyopatikana kwa wingi huo katika mafuta mengine tunayoyazoea. Peke yake hunata na kukusanya vumbi la njia nzima. Yakipunguzwa makali na nazi, hukaa juu ya ngozi nene ya kisigino na hayaondoki upesi.

Wa pili alikuwa binti wa sekondari mwenye chunusi, mkono wake umekwisha kushika chupa ya nazi. Mama akaishika chupa upande wa pili. "Hii ya nywele na ya miguu. Uso wako una kiwanda chake cha mafuta, usikipelekee mzigo mwingine." Nilitamani mtu angeniambia hivyo nilipokuwa na umri wake, nilipojipaka nazi usoni kila usiku nikidhani nazitibu chunusi, kumbe nazilisha. Karibu nusu ya mafuta ya nazi ni asidi ya lauriki, na kwenye ngozi yenye mafuta mengi huelekea kuziba vinyweleo. Ngozi ya namna hiyo hupatana zaidi na mafuta mepesi yenye asidi ya linoleiki kwa wingi, ambayo wataalamu wamegundua kuwa ni pungufu katika mafuta ya asili ya uso wenye chunusi. Alizeti ya kawaida, ile inayokamuliwa Singida na Dodoma, inayo tele. Alimpimia kijichupa cha kidole, akamwambia apake matone mawili tu, na kipele kikitunga usaha aende hospitali, asirudi kwake.

Wa tatu alibeba kichanga. Hapo mama wa mafuta hakuwa na haraka. Akaukunja mkono wa mtoto, akautazama ndani ya kiwiko kama anayesoma maandishi madogo, akauliza kama baba yake ana pumu, kama kuna mtu nyumbani anayewashwa ngozi. Alitoa yale ya nazi yaliyotengwa bila moto, yasiyotiwa asumini wala karafuu wala manukato yoyote, akamwambia ajaribu sehemu ndogo ya mkono siku nzima kwanza, na amwonyeshe mkunga wa kliniki. Nilikumbuka nilichowahi kusoma: mwaka 2005 ulichapishwa utafiti wa hospitali moja ya Dhaka, Bangladesh, ambako watoto njiti waliopakwa mafuta ya alizeti walipata maambukizi ya hatari kwa takriban asilimia 40 pungufu kuliko wasiopakwa. Ngozi ya njiti ni ukuta ambao haujakauka udongo. Mafuta sahihi huupiga lipu.

Lakini mafuta mengine huubomoa. Mzeituni una heshima kubwa, umetajwa katika Qurani na katika Biblia, na wengi huamini kwamba kilichobarikiwa kinafaa kila mahali. Mwaka 2013 watafiti wa Uingereza walichapisha jaribio walilolifanya kwenye mikono ya watu wazima 19. Zeituni ilidhoofisha tabaka la juu la ngozi na kuleta wekundu kidogo. Alizeti iliacha tabaka hilo salama. Sababu ni asidi ya oleiki, ambayo ni sehemu kubwa ya zeituni na ambayo hupenya na kuvuruga mpangilio wa mafuta ya ngozi yenyewe. Kwenye kachumbari zeituni haina mpinzani. Kwenye ngozi ya kichanga, au ya mtu mwenye pumu ya ngozi, heshima yake haitoshi.

Nikawa naona sasa kwamba meza ile ndogo ilikuwa ramani. Kila nchi hukamua kinachoota kwake, na ngozi za wenyeji hujifunza nacho. Kigoma wana mawese, mekundu kiasi cha kutia doa shuka, lakini kokwa la mchikichi uleule likibanjwa hutoa mafuta ya mise, ambayo kwa asili yake ni ndugu wa karibu wa nazi, yamejaa lauriki vilevile. Kaskazini mwa Uganda, kwa Waacholi na Walango, mama humpaka mwanawe siagi ya mti wa shea, laini kuliko ile ya Afrika Magharibi. Nyanda kavu za Dodoma zina mbuyu: watoto humumunya ubuyu, na mbegu ambazo zamani zilitupwa sasa hukamuliwa mafuta ya rangi ya dhahabu, ambayo hayana upande mmoja, oleiki na linoleiki zikikaribiana. Ndiyo maana yanaifaa ngozi iliyozeeka na kukauka, na bei yake inajua hivyo.

Na pwani yenyewe, mbali na nazi, ilikuwa na ufuta. Wazee waliyaita mafuta ya uta. Katika karne ya 19 ufuta wa mwambao wa Lamu na Malindi ulisafirishwa kwa majahazi na meli hata ukafika Ufaransa, na picha za kale za Unguja zinamwonyesha ngamia aliyefungwa macho akizunguka kinu cha mafuta, mwendo wa siku nzima usiofika popote. Mafuta ya ufuta yana kinga yake ndani, ndiyo maana hukawia kuchacha. Kungwi aliyemsinga mwali kwa singo na liwa alijua kwamba baada ya kusugua ngozi lazima irudishiwe mafuta, na akajua yapi.

Ufundi huu una wanaouharibu. Siku hizi kila chupa huandikwa kwamba ni ya asili na haina madhara, kana kwamba upupu hauoti porini. Mafuta makali ya karafuu yakipakwa bila kupunguzwa huunguza. Mafuta ya maganda ya ndimu yakikutana na jua huacha mabaka. Mbegu za mbarika, zinazotoa mafuta yale mema, zikitafunwa ni sumu ya kuua. Mama yule hauzi dawa ya kung'arisha rangi. Anayeitaka humwambia ngozi yake haina kosa. Kijana mmoja mwenye ualbino alipouliza mafuta gani yatamkinga na jua, alijibiwa waziwazi: hakuna hata moja hapa. Nazi haizuii jua, wala ubuyu, wala shea. Akamwelekeza kwenye kliniki ya ngozi aulizie losheni ya Kilisun, iliyoanza kutengenezwa Moshi, katika kituo cha mafunzo ya ngozi cha hospitali ya KCMC, kwa ajili ya watu kama yeye. Alikosa mauzo. Sikumwona akijuta.

Kipya kinyemi, kingawa kidonda. Tunanunua vijichupa vya mbali kwa bei ya debe kwa kuwa jina halitamkiki, kisha tunashangaa ngozi inapogoma. Chupa, hata iwe nzuri namna gani, haijui inakwenda kwa nani. Anayejua ni mtu aliyekaa miaka mingi akitazama viwiko, visigino na mashavu, akakumbuka nani alirudi akishukuru na nani alirudi akijikuna. Maarifa hayo hayaandikwi kwenye lebo. Yanakaa kwenye swali: unakaa wapi, unaoga saa ngapi, uso unang'aa mchana au unakakamaa, nyumbani kuna mwenye pumu?

Jioni kivuko kikaja. Nikaomba chupa nyingine ya nazi, kwa aibu ya yale niliyoyafikiri. Akaikataa pesa yangu, akaushika mgongo wa mkono wangu, akaukwaruza taratibu kwa ukucha. Mstari mweupe ukabaki. "Baridi ya huko inakukausha," akasema, na akanipa mafuta ya ufuta.

Yamekaa dirishani kwangu tangu siku hiyo. Baridi ya Lushoto haijawahi kuyagandisha.

Kwa hiyo, msomaji, ukienda kununua mafuta ya kujipaka, usitangulize bei. Simama mbele ya meza, usubiri. Muuzaji akikuuliza unakaa wapi na ngozi yako ikoje, toa pochi. Akikukabidhi chupa bila kukuuliza neno, nenda meza ya pili.