Vitabu vya Mashujaa wa Ajabu: Mgeni Aanzie Wapi?

Nitaanza kwa kukiri kosa langu, maana mwalimu afichaye makosa yake hana haki ya kusahihisha ya wengine. Miaka kadha iliyopita kijana mmoja, aliyekuwa mwanafunzi wangu, alinijia jioni, naye amejaa furaha kwa ajili ya sinema aliyoiona, ya shujaa arukaye juu ya majumba. Kijana huyu hakuwa msomaji. Vitabu alivishika kwa lazima, na siku ya kufunga shule alivirudisha kama mtu atuaye mzigo. Lakini jioni ile aliniuliza, "Mwalimu, nasikia hadithi hizi zimetoka vitabuni. Nianzie wapi?" Nikafurahi kupita kiasi. Nikaingia ndani, nikamtolea kitabu kinene kuliko vyote nilivyokuwa navyo vya namna hii. Siku ya tatu akakirudisha, akakiweka mezani kwa adabu, akasema, "Ahsante, Mwalimu. Nimeona mimi si mtu wa vitabu." Tangu siku ile hajaazima kitabu tena.

Kitabu kile kilikuwa Crisis on Infinite Earths, kilichotungwa na Marv Wolfman na kuchorwa na George Pérez, kikatolewa kwa sehemu 12 katika miaka ya 1985 na 1986. Si kitabu kibaya, nami mwenyewe nakipenda. Lakini kilitungwa ili kupanga upya mambo yaliyokuwa yamelimbikizana kwa miaka karibu 50, na ndani yake wamo mashujaa kwa mamia, kila mmoja na habari zake za zamani. Kumpa mgeni kitabu kile ni sawasawa na kumketisha mtu katika kikao cha mirathi cha ukoo asioujua. Atasikia majina, ataona watu wanalia, wala hatajua ni kwa nini. Basi kijana yule hakushindwa na kusoma. Alishindwa na uchaguzi wangu. Kwa sababu hiyo naandika leo, ili mwingine asifanye kama nilivyofanya mimi.

Yafaa kwanza tujue vitabu hivi ni vitu gani. Ni hadithi zisimuliwazo kwa picha zilizopangwa katika miraba, na maneno ya wasemaji huandikwa ndani ya duara karibu na vinywa vyao. Kwao ni Marekani. Mwaka 1938 vijana wawili wa mji wa Cleveland, Jerry Siegel mtungaji na Joe Shuster mchoraji, walitoa hadithi ya Superman katika toleo la kwanza la Action Comics. Batman akafuata mwaka 1939, na Wonder Woman mwaka 1941. Tangu hapo nyumba mbili kubwa, ziitwazo DC na Marvel, zimeendelea kutoa vijitabu vyembamba mwezi baada ya mwezi, na baadaye hukusanya vijitabu kadha na kuvifanya kitabu kimoja. Ajabu yake ni kwamba mashujaa wale hawazeeki, ila watungaji wao huzeeka na kufa, na wengine hushika kalamu mahali pao. Kwa hiyo Superman mmoja ametungwa na watu wengi sana, wengine hodari, wengine dhaifu. Mgeni asipolijua jambo hili, atadhani jina la shujaa latosha kumhakikishia uzuri wa kitabu, naye atadanganyika.

Sasa nitataja mashauri matatu ambayo watu huwapa wageni, nami nayakataa yote matatu.

Shauri la kwanza ni kusema, "Anza mwanzo kabisa, toleo la kwanza." Linaonekana kuwa la busara, maana kila kitu kina mwanzo wake. Lakini hadithi zile za 1938 na 1939 zilitungwa kwa haraka, na waliozitunga walikuwa bado wanajifunza kazi yenyewe. Wahenga walisema, mwanzo kokochi mwisho nazi. Atakaye kujua ladha ya nazi hapewi kokochi. Tena, mtu akiazimia kusoma matoleo yote kwa taratibu yake, atakufa kabla hajayamaliza.

Shauri la pili ni kusema, "Anza na kitabu cha jambo kubwa, ambamo mashujaa wote wamekusanyika." Hilo ndilo kosa langu mimi, nami nimekwisha kulieleza. Mtaka yote hukosa yote.

Shauri la tatu ni kusema, "Anza na kile kisifiwacho na wenye elimu." Hapo hutajwa Watchmen, kilichotungwa na Alan Moore na kuchorwa na Dave Gibbons katika miaka ya 1986 na 1987. Ni kweli kimetungwa kwa ustadi mkubwa, na mashujaa wake ni wake chenyewe, hakihitaji kitabu kingine kukitangulia. Lakini kazi yake ni kuuliza kama watu wavaao barakoa na kujifanya waamuzi wa wenzao wana haki hiyo, au ni wagonjwa tu wa roho. Nani awezaye kuonja ukali wa swali hilo kabla hajawapenda mashujaa hao hata kidogo? Ni kama kusikiliza utani wa makabila mawili bila kujua kwamba ni watani: utaona matusi tu. Tena kitabu hiki si cha watoto hata kidogo, maana kina mauaji na uchafu ndani yake.

Basi mgeni afuate kanuni gani? Naona kanuni ni moja tu: aanze na kitabu kilichokamilika. Maana yangu, kiwe na mwanzo na mwisho wake chenyewe, kiwe kazi ya mtungaji mmoja pamoja na mchoraji wake, na swali lililomo ndani yake liwe swali ambalo mtu yeyote aweza kulifahamu bila kuambiwa habari za vitabu vingine. Asiulize, "Kipi kilitangulia?" Aulize, "Kipi kinasimama chenyewe?" Hadithi nzuri humfundisha msomaji yote anayohitaji ili aifahamu, kama bibi zetu walivyotusimulia habari za sungura bila kutufundisha kwanza ukoo wa sungura.

Kwa mfano mfupi, mtazame Spider-Man alivyotokea mara ya kwanza, mwezi wa Agosti 1962, katika toleo la 15 la Amazing Fantasy. Mtungaji alikuwa Stan Lee, na mchoraji Steve Ditko. Hadithi ina kurasa 11 tu. Mwanafunzi mnyonge, Peter Parker, anaumwa na buibui na kupata nguvu za ajabu. Anazitumia kujitafutia fedha na sifa. Siku moja mwizi anapita mbele yake akifukuzwa na askari, naye anamwacha aende zake, kwa kuwa si shauri lake. Baadaye ami yake, aliyemlea, anauawa nyumbani. Peter anamkamata mwuaji, anamtazama usoni, na kumbe ni mwizi yule yule. Hapo sina la kuongeza. Kosa la kuacha kutenda limeelezwa kwa kurasa 11, na mtoto wa darasa la tano hulifahamu. Nimesema sipendi kuanza na matoleo ya kwanza, lakini hili nalitoa katika hesabu, si kwa kuwa ni la kwanza, bali kwa kuwa ni kamili.

Kwa kitabu kizima, ningemshauri mgeni, mkubwa kwa mdogo, aanze na Superman Smashes the Klan. Mtungaji ni Gene Luen Yang, na wachoraji ni wanawake wawili wa Japani wajiitao Gurihiru. Kilitoka katika sehemu tatu, mwaka 2019 na 2020. Asili yake ni mchezo wa redio wa mwaka 1946, ambao ndani yake Superman alipigana na chama kilichofananishwa na Ku Klux Klan, chama kile cha kweli kilichowatesa watu weusi wa Marekani. Kitabu chasimulia habari za jamaa ya Lee, Wachina, wanaohama mtaa wao wa zamani na kukaa kati ya Wazungu mjini Metropolis. Mtoto wa kiume, Tommy, apendwa upesi, kwa kuwa ahodari wa mchezo wa mpira. Dada yake Roberta anaona haya na hofu. Usiku msalaba wachomwa moto mbele ya nyumba yao. Lakini uzuri wa kitabu haumo katika kupigana. Umo katika jambo hili, kwamba Superman naye ni mgeni, aliyezaliwa katika nyota nyingine, na kwa kuogopa kuchukiwa amejificha hata nafsi yake mwenyewe. Kwa hiyo akimbia na kuruka mbali, wala hajui kwamba aweza kupaa. Msichana mwoga ndiye amfumbuaye macho. Kama nina lawama, ni kwamba mara nyingine watu wa kitabu husema wazi mno jambo ambalo picha zimekwisha kulisema.

Baada ya hicho, mgeni aweza kushika Ms. Marvel ya mwaka 2014, ya G. Willow Wilson na mchoraji Adrian Alphona. Shujaa wake ni Kamala Khan, msichana wa miaka 16 wa mji wa Jersey City, ambaye wazee wake ni Waislamu waliotoka Pakistani. Apatapo uwezo wa kugeuza umbo, jambo la kwanza ni kujigeuza mwanamke wa Kizungu mwenye nywele za dhahabu, kisha ajifunza polepole kwamba sura ile haimfai. Mzazi yeyote aliyeona binti yake akichukia alivyoumbwa atakifahamu kitabu hiki. Ila msomaji ajue kwamba hadithi haikomi mwisho wa kitabu cha kwanza. Yampasa kuwa na cha pili karibu.

Kwa watu wazima waliokwisha kupata ladha, viko viwili vingine. All-Star Superman, cha Grant Morrison na Frank Quitely, chasimulia habari za Superman anayejua kwamba atakufa, na jinsi atumiavyo siku zake zilizobaki. Habari zote za kuzaliwa kwake zimeelezwa kwa ukurasa mmoja wenye picha nne na maneno machache, na huo ni mfano mwema kwa kila mwandishi apendaye kurefusha. Batman: Year One cha mwaka 1987, cha Frank Miller na David Mazzucchelli, ni habari za mwaka wa kwanza wa Batman. Hata hivyo mimi naona mtu mkuu wa kitabu ni Gordon, askari mmoja katika mji ambao askari wake wala rushwa, naye mwenyewe ana hatia nyumbani kwake. Hicho kisipewe watoto.

Najua wasomaji wengi wataniuliza, "Mbona humtaji yule wa Afrika?" Black Panther, mfalme wa Wakanda, alibuniwa mwaka 1966 na Stan Lee na Jack Kirby. Wakati ule ilikuwa jambo la heshima kumwonyesha mfalme wa Kiafrika ambaye mitambo ya nchi yake yapita ya Wamarekani. Lakini Wakanda haimo katika ramani yoyote, wala jina la bara letu halitoshi kufanya kitabu kiwe kizuri. Storm wa X-Men, alipotokea mwaka 1975, alionyeshwa Kenya akiabudiwa na wanakijiji kama mungu wa mvua. Mtu wa Kenya akiisoma habari ile hataiona nchi yake. Kitabu cha Black Panther cha mwaka 2016, cha Ta-Nehisi Coates na Brian Stelfreeze, kina swali kubwa, yaani mfalme afanye nini watu wake wamkataapo. Lakini kinadhani msomaji amekwisha kujua maafa yaliyoipata Wakanda kabla yake. Kiwe cha tatu au cha nne, kisiwe cha kwanza.

Mwisho, neno moja juu ya namna ya kusoma. Usikimbilie maneno ukaziacha picha, maana nusu ya habari imo ndani yake. Tena, soma majina ya watungaji na wachoraji. Siegel na Shuster waliuza haki zote za Superman kwa dola 130 tu, na mwaka 1975 ndipo walipopewa malipo ya uzeeni na majina yao kurudishwa juu ya kazi yao. Bill Finger, aliyemtunga Batman pamoja na Bob Kane, jina lake lilianza kutajwa rasmi mwaka 2015, naye amekwisha kufa zamani. Ukipenda kitabu, tafuta kingine cha mkono ule ule, hata shujaa akiwa mwingine. Hiyo ndiyo njia isiyopoteza.

Kijana wangu sasa ni seremala, nasi hukutana njiani na kusalimiana vizuri. Kitabu cha jamaa ya Lee kimekaa mezani kwangu tangu mwezi uliopita, kwa ajili yake, nami nimekuwa nikiona haya kumpelekea. Baada ya kuandika haya, sina udhuru tena. Asipokisoma sitamlaumu, maana wa kwanza kukosea nilikuwa mimi.