Shahada ya Chombo Kilichobadilishwa

Apitaye katika magereji ya Changamwe na Kisauni, Mombasa, aghalabu huliona gari la Toyota Hiace, lililoundwa Japani kwa kuchukulia mizigo, likikatwa mbavu ili litiwe madirisha, kisha likafungwa viti liwe matatu ya abiria 14. Na kazi hiyo, maadam imefuata vipimo vya KS 372 vya bodi za magari ya abiria, na gari likapelekwa mbele ya wakaguzi wa NTSA, mamlaka ya usalama barabarani, haina ila. Ila huingia baadaye, stika ya ukaguzi imekwisha kubandikwa kiooni, fundi anapoitwa tena aongeze kiti kimoja tu nyuma ya dereva.

Na tukitazame kiti hicho. Vilivyokaguliwa vimekazwa kwa bolti zilizoshika mihimili ya chini, au zenye bati nene upande wa pili wa sakafu, ili kishindo cha breki kigawanyike. Hiki cha nyongeza hukazwa kwenye bati tupu la sakafu, jembamba, na siku ya ajali hung'oka nalo kama kifungo cha shati, na mkanda wake, ukiwapo, humfunga abiria kwenye kitu kitakachoruka naye. Mkaguzi hakukiona. Shahada yake ni ya gari la jana.

Wenye magari hujitetea kuwa walichoongeza ni cha manufaa; lakini hata cha manufaa, kisipopimwa, huua. Meli ya Eastland, huko Marekani, iliyokwisha kujulikana kwa kulalia ubavu, iliongezewa mashua za kuokolea mwanzoni mwa Julai 1915, kwa khofu iliyoachwa na kuzama kwa meli ya Titanic. Ruhusa yake ikapandishwa hadi abiria 2,500 kwa hesabu ya mashua hizo, pasina mtu kupima upya utulivu wa chombo. Na tarehe 24, ingali imefungwa kamba gatini Chicago, ikapinduka wakafa watu 844. Cheti kilikuwapo, tena kipya! Nasi wa Likoni, tuliozika watu 272 kivuko cha Mtongwe kilipozama tarehe 29 Aprili 1994 kwa kujazwa kupita kiasi, twaujua uzito usiopimwa.

Kwa hiyo gari lililoongezwa kitu likaguliwe upya, na mkaguzi wa marudio asiridhike kuhesabu viti: aingie uvunguni, apapase kila bolti kwa chini, atazame kama moto wa kuchomelea haukuligusa bomba la breki, kisha azijaribu breki zenyewe gari likiwa na uzito wake mpya. Na gharama ya ukaguzi huo fundi aitaje kabla hajawasha mashine, kwani ikitajwa kazi imekwisha, mwenye gari huihesabu kuwa ni dhuluma.