Ndoto ya Asha: Watazamaji wa Kifaru Mbele ya Sinema "Pumzi"

Sinema fupi iitwayo "Pumzi", kazi ya Wanuri Kahiu wa Kenya, ilitolewa mwaka 2009 na kuonyeshwa katika tamasha la Sundance huko Marekani mwanzoni mwa mwaka 2010. Wahakiki wengi wameipokea kama hadithi ya mazingira, nao wana sababu, kwani mwaka ule ule mtunzi alitoa pia sinema ya kumbukumbu juu ya Wangari Maathai na kazi yake ya kupanda miti. Lakini mchungaji anayeketi pamoja na Wakristo wake mbele ya sinema hii hatasikia sana habari za mazingira. Atasikia swali la zamani zaidi: Je, mwanamke huyu ameitwa, au amepagawa?

Kwa wasioiona, habari yenyewe ni hii. Baada ya vita kuu ya tatu, iliyokuwa vita ya maji, watu wachache wanaishi wamefungiwa ndani ya jengo. Hakuna atokaye nje, kwa kuwa inasemekana nje kila kitu kimekufa. Maji ya kunywa hupatikana kwa kusafisha mkojo na jasho, na umeme hutokana na watu kukimbia juu ya mashine. Asha, mtunzaji wa jumba la makumbusho, anapokea kisanduku cha udongo kisichokuwa na jina la mpelekaji. Anaunusa udongo ule, na mara anaona mti katika ndoto. Kuota ni marufuku. Iko dawa ya kuzuia ndoto, naye anaamriwa kuimeza. Hata hivyo anaizika mbegu kuukuu katika udongo ule, nayo inachipua. Wakubwa wanamnyima ruhusa ya kutoka, wanaliharibu jumba lake, na yeye mwenyewe wanampeleka kwenye mashine. Anatoroka, anavuka jangwa, anaupanda mche, anaunywesha maji yake ya mwisho na jasho lake, kisha anajilaza juu yake kuwa kivuli. Pale alipolala mti unaota. Yote haya huchukua dakika ishirini na kitu.

Tuliiangalia jioni moja Kifaru, katika nchi ya tambarare chini ya milima ya Upare, mahali ambapo mtu akitazama juu huona kijani na akitazama miguuni huona vumbi. Hapakuhitajika maelezo juu ya thamani ya kibuyu cha maji. Walipoona jasho likikamuliwa na kunywewa vijana walicheka, lakini akina mama hawakucheka.

Sinema ilipokwisha, wa kwanza kusema alikuwa kijana wa kikundi cha uamsho. Alisema bila kusita kwamba Asha ana pepo: amenusa kitu asichojua kilikotoka, ameona maono, ameacha kazi yake, na mwisho wake ni mauti. Mzee mmoja wa kanisa alimjibu kwa utaratibu kwamba yeye hakuona pepo, aliona mpungi. Vijana wengi hawakulijua neno hilo, ikambidi aeleze habari za misitu ya matambiko ya koo za Wapare, ambamo mtu hakuthubutu kukata hata ufito, na jinsi sehemu nyingine za milima zilivyobaki na miti kwa sababu ya hofu ile.

Majibu haya mawili yana historia ndefu kuliko wasemaji walivyodhani. Mmisionari Dannholz wa Leipzig, aliyefanya kazi Mbaga, alichapisha mwaka 1916 kitabu juu ya dini ya Wapare ambacho jina lake lenyewe linawataja kuwa wamefungwa na imani ya mizimu. Baadaye Profesa C.K. Omari, mwanasosholojia na Mlutheri, aliandika juu ya Mungu na ibada katika jamii ya Waasu, akionyesha kwamba jina la Kyumbe, Muumba, lilikuwa midomoni mwa watu kabla ya mmisionari yeyote kupanda mlima. Kijana wetu alisema kama Dannholz, na mzee alisema kama Omari, ingawa nadhani hakuna kati yao aliyevisoma vitabu hivyo.

Sisi tuliofundishwa katika vyuo vya Kilutheri twaelekea upesi upande wa kijana, na si bure. Luther alipambana na manabii wa Zwickau waliojisifia ndoto na sauti za ndani, na katika Makala za Smalkald za mwaka 1537 alishikilia kwamba Mungu hampi mtu Roho wake pasipo Neno la nje litanguliayo. Kwa kipimo hicho Asha ameanguka. Lakini hebu tuitazame sinema tena. Ndoto yake haikuzuka moyoni mwake; ilianzia katika kisanduku kilichotoka nje, ambacho hakukiomba. Walioziba masikio wasisikie lolote la nje ni wakubwa wa jengo. Hapo ndipo mtunzi anapotupita kwa akili, maana amewapa watawala hoja zetu wenyewe dhidi ya ndoto, na mikononi mwao hoja hizo zimekuwa vidonge.

Hata hivyo udongo si ahadi. Udongo hausemi. Na katika jengo lile hakuna anayesema kwa kinywa. Watu huwasiliana kwa mitambo, midomo imefungwa. Nilipoitazama mara ya kwanza nililiona hili kuwa pambo la sinema za namna hii. Sasa naliona kuwa ndilo jeraha lake. Jina la mbegu ni Maitu, yaani mama kwa Kikikuyu, na mwanzoni sinema inalipasua neno hilo vipande viwili ili litoe maana ya "ukweli wetu". Sina ugomvi na mama. Nina ugomvi na huo "wetu", kwa sababu ukweli uliokuwa wetu tangu mwanzo hauhitaji mtu wa kuuleta.

Nawaonya pia wahubiri wenzangu wasiikimbilie Yohana 12:24. Mfano unakaa vizuri mno, na ndiyo hatari yake. Asha hakufa kwa ajili ya watu waliomkataa. Alikufa kwa ajili ya mche, na hatujui kama aliwafikiria wale walioachwa kwenye mashine.

Au labda tunajua. Mama mmoja, ambaye kila siku huteka maji mbali, alikumbusha tendo ambalo sisi wasomi tuliliruka. Kabla ya kutoroka, huko msalani, Asha anampa mfanyakazi wa usafi sehemu ya maji yake. Ni tendo la muda mfupi sana. Baadaye mfanyakazi huyo ndiye anayemsaidia kutoka. "Mchungaji," akasema mama yule, "mwenye pepo hagawi maji." Kijana wa uamsho alinyamaza. Nami naikubali hukumu ile kuliko zote zilizotolewa jioni ile, na nadhani Luther, aliyeuweka wito wa Mkristo katika kumtumikia jirani, asingeikataa.

Lakini mama hakuishia hapo. Aliuliza yule mfagiaji alibakia na nini. Asha ametoka, mti umeota, na mle ndani hakuna ajuaye. Mfagiaji aliona mlango ukifunguliwa, akanywa yale maji, na midomo yake bado imefungwa. Nilitafuta jibu katika sinema nikalikosa. Tulifunga kwa sala, na watu wakaondoka wakiwa bado wanabishana njiani kama yule mfagiaji atasema.